Usiache Mbachao: Somo la Matondoni kwa Wachoraji na Walimu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa mswala upitao. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, tukaitungia maswali ya insha na kuwatunuku alama wanafunzi walioieleza vyema. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, waliopata kuketi kitako karibu na mama asukaye ukili wakamwuliza mbacha ni nini hasa. Lau tungeuliza, tungeambiwa kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa kwa kutumika. Umechakaa kwa kuwa umewalaza watoto, umewakalisha wageni na kuanikiwa nafaka. Mswala upitao hupendeza macho, lakini haujafanya kazi yoyote nyumbani mwako.

Tumeikumbuka methali hiyo kwa kukitafakari kijiji cha Matondoni. Msomaji asiyepajua mahali hapo na aelewe kwamba Matondoni imo katika kisiwa kile kile ulimo mji wa Amu, lakini upande wa pili, mbali na forodha na mahoteli. Mtu hufika huko kwa chombo akiufuata mkondo wa maji kati ya mikoko, au hukata mashamba yenye mchanga kwa miguu au kwa punda. Wanaume wa kijiji hicho wamesifika tangu jadi kwa kuunda mashua na majahazi. Wanawake wake wamesifika kwa kusuka mikeka, vikapu na makawa. Mji mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo macho ya walimwengu yamekaziwa milango yake ya nakshi. Matondoni hufikiwa na watalii kwa nusu siku. Hupigwa picha, kisha wageni wakarudi mjini kabla maji hayajatoka.

Siku hizi katika vijiji kama hicho anafika mgeni wa aina nyingine, naye ndiye tunayetaka kumzungumzia. Huyu ni msanii wa michoro, yaani mtu apangaye herufi, picha na rangi ili ujumbe usomeke: bango la zahanati, jalada la kitabu, nembo ya chama cha ushirika, kibandiko cha chupa ya asali, au ramani ya ukutani shuleni. Huja na tarakilishi yake na nia yake njema, akataka kuwasaidia wanakijiji na kuwafundisha vijana kazi yake. Pengine ni mzaliwa wa pwani aliyesomea Nairobi, Ulaya au Ghuba. Pengine ni mgeni kabisa aliyeipenda pwani akakaa. Kwa vyovyote vile ni mtu aliyeishi katika tamaduni zaidi ya moja, na kila aingiapo nyumba moja huikumbuka nyingine.

Swali letu ni hili: je, kuishi huko kati ya tamaduni humfaa katika kuihudumia jamii na kufundisha, ama humfanya aharibu alichokikuta? Sisi twashika kwamba humfaa sana, ila kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba awe mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. La pili ni kwamba, atakapoondoka, kazi ibaki mikononi mwa wenyeji na wala isiondoke naye. Asipoyatimiza hayo, atakuwa mswala upitao, hata akiwa ni mzaliwa wa Matondoni yenyewe.

Na tuanze na sharti la kwanza. Wageni wengi hukosea kwa kudhani kwamba kijiji kisichokuwa na studio wala kiwanda cha uchapaji ni karatasi tupu ingojayo kuandikwa. Matondoni si karatasi tupu. Fundi wa chombo huanza na mkuku, akaupandisha ubavu wa mashua ubao kwa ubao, pasipo mchoro wowote karatasini. Kipimo chake ni jicho, uzi na mkono wake, na umbo la chombo analibeba kichwani kama hafidhi alivyobeba sura. Mama asukaye ukili huhesabu miyaa yake kabla ya kuanza, kwa kuwa akikosea mmoja, nakshi hazitakutana siku ya kushona ukili kuwa mkeka. Hesabu hiyo ndiyo ile ile aifanyayo mchapaji anapopanga safu za ukurasa. Tofauti ni kwamba mama huyu hajaiita kwa jina la kigeni, wala hajapewa cheti.

Fauka ya hayo, visiwa vya Lamu vina historia ndefu ya maandishi yaliyopambwa. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, kurasa zake zikatiwa rangi na mapambo ambayo wataalamu wa leo huyatazama kwa mshangao. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa hivyo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulichorwa macho mbele yake. Mtu aliyeona mtepe kwa mbali aliutambua kabla ya kumwona nahodha. Alama ya kutambulisha chombo, mpangilio wa ukurasa, uwiano wa rangi na nafasi tupu, yote hayo yalikuwapo pwani hii kabla ya kuanzishwa chuo chochote cha sanaa katika Afrika ya Mashariki.

Atakayesema kwamba twaikuza pwani kupita kiasi, na aitazame leso ya mama yake. Leso, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita kanga, ina pindo, mji na jina. Hakuna mwanafunzi wa uchoraji awezaye kupata mfano ulio bora zaidi wa picha na maneno kufanya kazi pamoja. Na historia yake ni historia ya tamaduni zilizokutana. Neno lenyewe latokana na Kireno, yaani kitambaa cha mkononi, kwa kuwa wanawake wa pwani katika karne ya 19 walivishona vitambaa hivyo pamoja wakapata vazi. Baadaye nguo hiyo ikachapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na zamani jina lake liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilijulikana sana kwa leso zenye chapa ya "Mali ya Abdulla".

Zingatia jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Mchoraji wa Uholanzi hakupata kumwona mwanamke wa Lamu, na mwanamke wa Lamu hakupata kumwona mchoraji huyo. Baina yao alisimama mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, amesimama dukani akisikiliza. Mwanamke akikataa rangi, rangi haikuagizwa tena. Akisema neno lenye mafumbo lililopendeza, neno hilo likapata kuwa jina la leso. Iwapo leso imedumu kwa zaidi ya karne moja, sababu si kwamba kiwanda kilikuwa mbali au karibu. Sababu ni kwamba uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mvaaji. Huyo mfanyabiashara aliyejua lugha mbili na adabu za nyumba mbili ndiye kielelezo cha kwanza cha mtu tunayemzungumzia. Thamani yake ilikuwa katika sikio lake kuliko katika kalamu yake.

Tukitoka pwani kidogo tutawaona wengine waliojifunza somo hilo kwa jasho. Marie Neurath alizaliwa Ujerumani mwaka 1898, akafanya kazi Vienna, akahamia Uholanzi mwaka 1934, na vita vilipofika huko mwaka 1940 akatoroka kwa mashua ya uokozi hadi Uingereza. Yeye na mumewe Otto waliukuza mfumo wa alama za picha uitwao Isotype, wakitumaini kwamba picha ingeeleweka na watu wote pale maneno yalipowatenga. Katika miaka ya 1950 serikali ya jimbo la magharibi la Nigeria ilitaka vijitabu na mabango ya kuwaeleza wananchi habari za elimu, afya na kilimo. Mama huyo alikwenda mwenyewe hadi Ibadan. Huko aligundua kwamba alama zilizosema waziwazi mjini Vienna hazikusema vivyo hivyo kwa Mnaijeria. Watu, nyumba na mavazi ilibidi vichorwe upya. Mwanamke aliyekuwa mkimbizi mara mbili hakuona haya kukiri kwamba picha zake nazo zina lugha, na kwamba lugha hujifunzwa.

Hapa kwetu Kenya twamkumbuka Terry Hirst, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1932, akafika nchini mwaka 1965 na kufundisha sanaa, zikiwemo siku zake katika chuo cha Kenyatta. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, ambalo shujaa wake alikuwa mtu wa kawaida mjini, acheshaye ilhali maisha yamembana. Mwaka 1994 Mazingira Institute ilitoa kitabu chake cha michoro kiitwacho The Struggle for Nairobi, kilichosimulia historia ya jiji hilo na kumweleza mkazi wake haki aliyo nayo ya kushiriki katika kulipanga. Hirst hakuwa mtalii. Aliishi nasi hadi alipofariki mwaka 2015. Kadhalika Frank Odoi alitoka Ghana, naye Godfrey Mwampembwa, tumjuaye kwa jina la Gado, alitoka Dar es Salaam mwaka 1992, wakaifundisha Kenya kujicheka. Mtu aliyekulia kwingine huona yale ambayo wenyeji wameyazoea hata hawayaoni tena. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na hatuna budi kuikiri.

Huenda msomaji akauliza: ya nini basi kulipa jambo hili uzito kama huu? Mabango ni mabango tu. La hasha! Katika visiwa vya Lamu, jambo la kueleweka au kutoeleweka kwa maandishi limekwisha kuamuliwa mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari mpya ya Lamu, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwezi wa Juni mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa ni kwamba umma haukushirikishwa kama sheria inavyotaka.

Je, mvuvi hushirikishwa vipi? Ripoti ya tathmini ya mazingira huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kurasa mamia kwa mamia, majedwali juu ya majedwali. Mzee ajuaye kila mwamba na kila mlango wa bahari huwekwa mbele ya ripoti hiyo akaulizwa, "Una maoni gani?" Akinyamaza huandikwa kwamba hakupinga. Hapo ndipo ramani moja iliyochorwa vyema, yenye majina ya mahali kama wavuvi wenyewe wayatamkavyo, huwa na uzito kuliko hotuba kumi. Anayeichora ramani hiyo ameshika kitu kinachogusa riziki za watu. Akikosea, hasara haitamfika yeye. Ndiyo maana twasema kwamba kazi ya msanii wa michoro vijijini si pambo, ni amana.

Na makosa ni rahisi kuyafanya. Tuchukue mfano mdogo. Msanii aliyesoma kwa herufi za Kirumi huzipanga picha zake kutoka kushoto kwenda kulia: kwanza mtoto mgonjwa, kisha dawa, kisha mtoto mzima anayecheka. Mzee aliyesoma chuoni, ambaye macho yake yamezoea kuanzia kulia, anaweza kuusoma mfululizo ule ule kinyume: mtoto mzima amepewa dawa akaugua! Msanii asiyewahi kuishi kati ya mwandiko wa namna mbili hatalifikiria jambo hilo. Aliyeishi atazipanga picha zake kutoka juu kwenda chini, ama atazitia nambari, na kosa litakuwa limeepukwa kwa gharama ya dakika tano za kufikiri.

Tuchukue mfano wa pili, wa lugha. Kiswahili sanifu ni fahari yetu na hatusemi kiachwe. Lakini neno "ndoo" kwa mwalimu wa bara ni chombo cha kuchotea maji. Kwa Mwamu ni mwito wa kumkaribisha mtu, kwa kuwa pale tusemapo "njoo" yeye husema "ndoo". Njia kwake ni "ndia", na maji ni "mai". Msanii atakayeandika bango la Matondoni hana budi kujua ni lini aandike kwa Kiswahili cha vitabuni, kama vile katika ilani ya kisheria, na ni lini aandike kwa Kiamu, kama vile katika mwito wa mkutano wa akina mama. Hayo hayasomwi katika kitabu cha maelekezo ya tarakilishi. Husomwa barazani.

Wako watakaotupinga kutoka pande mbili. Wa upande wa kwanza watasema kwamba wageni wakae mbali, na utamaduni uachwe safi kama ulivyokuwa. Twawaheshimu watetezi hao, kwani wameona mengi yakiharibiwa. Hata hivyo, usafi wanaoudai haukupata kuwapo. Leso ina jina la Kireno na mkono wa Kihindi. Nakshi za milango zimepita bahari. Hata jahazi limebadilika kila lilipokutana na vyombo vya wengine. Pwani haikukua kwa kufunga milango. Ilikua kwa kuuchagua mzigo wa kushusha na mzigo wa kurudisha melini. Kinachotakiwa ni wenyeji kubaki na uwezo huo wa kuchagua.

Wa upande wa pili watasema kinyume: ya kale yamepitwa na wakati, vijana wafundishwe programu za kisasa wapate ajira Nairobi, na habari za ukili na tezo waachiwe wazee. Hao nao wana hoja, maana njaa haina adabu na kijana anahitaji mshahara. Lakini na watujibu: katika soko ambalo maelfu ya vijana wa dunia nzima hutumia programu zile zile na kuiga mitindo ile ile, kijana wa Matondoni atauza nini ambacho wenzake hawana? Alicho nacho peke yake ni kile alichokiona kwa mama yake na kwa fundi. Kumnyang'anya hicho kwa jina la maendeleo ni kumtuma sokoni mikono mitupu.

Kwamba kitu hicho kina thamani, wengine wamekwisha kukitambua kabla yetu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara nchini humo. Wafanyabiashara na watetezi wa Kenya walipinga, na ombi hilo halikufaulu. Tulipata funzo, na mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni. Lakini sheria hailindi kitu kisichojulikana. Nakshi ya ukili isiyoandikwa jina lake, mahali ilikotoka na watu waliyoirithi, ni rahisi kuonekana kesho juu ya mfuko wa plastiki uliotengenezwa ng'ambo. Msanii mwenye dhamira njema hupiga picha nakshi hiyo kwa ruhusa, huandika jina ililopewa na wenyewe, na huwauliza kwanza kabla ya kuitia katika kazi ya malipo. Asiye na dhamira huiita "nakshi ya Kiafrika" akaendelea na safari yake.

Mfano mwema haukosekani. Mwaka 2018 kisiwani Lamu kulishushwa majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa, na kuvikwa vipande vya rangi kutoka kwa ndara za mpira zipatazo 30,000. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu, aliyefanya kazi na wenzake wa kutoka kwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar, kikitua bandari hadi bandari. Aliyekiona hakuhitaji kusomewa hotuba juu ya uchafuzi wa bahari. Zile rangi zilisema. Wazo la kampeni lilitoka kwa watu wa tamaduni mbalimbali, lakini umbo lilikuwa la jahazi na mkono ulikuwa wa fundi wa Lamu. Fundi angalikataa, wazo hilo lingebaki karatasini.

Sasa tugeukie shule, maana huko ndiko hasa tulikokusudia kufika. Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Juu ya hayo, kila mwanafunzi wa ngazi hiyo anatakiwa kusoma somo la huduma kwa jamii. Mambo haya mawili, sanaa na huduma, yamewekwa chini ya paa moja, nayo ni nafasi ambayo walimu waliotangulia hawakuipata. Twahofu isije ikapotea. Twahofu kwamba sanaa itafundishwa kwa kunakili picha za vitabu vya kigeni, na huduma kwa jamii itakuwa ni kufagia soko siku moja, kupiga picha na kujaza fomu.

Kwa walimu, hasa wa Lamu na pwani nzima, tuna mapendekezo matatu.

Kwanza, mfanyeni fundi awe mwalimu mwenzenu. Mwanafunzi wa uchoraji na aketi wiki mbili pwani mahali pa kuundia vyombo kabla ya kuguswa kwa tarakilishi. Ajifunze majina: mkuku, taruma, tezo, keekee, kalafati. Aone jinsi fundi anavyomfundisha mwanagenzi wake kwa kumpa kazi ndogo ya kweli, kosa lake likasahihishwa pale pale kwa mkono. Kisha na akae na wasukaji, aulize kila nakshi ina jina gani, aandike. Katika mwaka mmoja darasa moja linaweza kukusanya kamusi ndogo yenye michoro ambayo haimo katika maktaba yoyote. Na majina ya waliosema yaandikwe katika ukurasa wa mwanzo, wakikubali, pamoja na majina ya waliochora.

Pili, kila kazi ijaribiwe kwa msomaji wake kabla ya kutundikwa. Kama ni bango la kisima, lipelekwe kisimani. Mwanafunzi anyamaze, mzee aseme anachokiona. Asieleze, asitetee, asicheke. Mzee akisema kwamba mtu aliyechorwa anaonekana kama aliyekatwa miguu, kwa sababu tu mchoro uliishia magotini, basi miguu na ichorwe. Jambo hilo dogo humfundisha kijana unyenyekevu ambao hakuna mtihani wa kuandika uwezao kuupima. Alama za mwalimu na zitolewe kwa namna mwanafunzi alivyosahihisha, kuliko zinavyotolewa kwa uzuri wa nakala ya kwanza.

Tatu, kazi ibaki. Msanii mgeni akialikwa shuleni, na aulizwe mwanzoni: utakapoondoka, ni nani atakayeweza kuifanya kazi hii? Mashine na ziwe zile ambazo shule inaweza kuzitengeneza zikiharibika. Rangi na ziwe zile zipatikanazo dukani Amu. Na faili za michoro ziachwe shuleni, zisibebwe. Mwalimu mwema ni yule ambaye mwaka wa pili hahitajiki sana kama wa kwanza. Kwa kipimo hicho, wengi wetu tuliosimama mbele ya madarasa miaka mingi tujiulize tumeanguka ama tumepita.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maneno haya yanawahusu wageni tu. Kijana wa Matondoni aliyesomea Mombasa au Nairobi naye hurudi akiwa na macho mawili tofauti. Jicho moja humwambia kwamba kwao ni nyuma. Jicho la pili humwambia kwamba amekosa kitu alipoondoka. Asilifumbe hata moja. Kuishi kati ya nyumba mbili kuna uchungu wake, kwani mtu huyo haishi kuulizwa yeye ni wa wapi. Lakini yule aliyeuonja uchungu huo ndiye awezaye kujua kwamba lile aliloliona kuwa ni maumbile ya dunia ni desturi ya kwao tu, na ya kwamba wengine wana desturi zao. Elimu hiyo ni ghali, na aliyekwisha kuilipia asiitupe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo nayo ni methali yetu, wala haipingani na ile tuliyoanza nayo. Mgeni humponya mwenyeji pale tu akubalipo kuketi juu ya mbacha aliotandikiwa, badala ya kuukunja na kuutoa nje kwa kuwa yeye amekuja na mswala wake mpya. Matondoni wanasema "ndoo". Msanii atakayefika huko, awe ametoka London, Nairobi au mtaa wa pili, na ajue kwanza anaitwa aketi. Akidhani kwamba ameambiwa alete chombo cha kuteka maji, basi somo lake la kwanza bado hajalisoma.